Wiki Ambazo Mwalimu Koma Hakusema

Mwalimu Koma alifundisha fasihi ya Kiingereza kwa kinywa chake. Wapo wanaofundisha kwa ubao, wapo wanaofundisha kwa vitabu, na wapo, nikiwemo mimi wa hesabu, wanaofundisha kwa kutisha. Yeye alisoma. Alisimama mbele ya darasa, kitabu mkono wa kushoto, akawa mfalme, akawa mlinzi wa mlango, akawa mtoto anayelilia maziwa, yote hayo ndani ya ukurasa mmoja. Darasa langu lilipakana na lake, na kilichotutenganisha ni ukuta wa mbao nyembamba. Siku moja niliuliza swali la pembetatu, darasa zima likaangua kicheko. Kumbe upande wa pili mlevi wa kwenye tamthilia alikuwa ameanguka kutoka kitandani.

Jina lake nalo lilitokana na kusoma. Mwanafunzi akisoma mbiombio, alimkatiza: "Pumua hapo. Kuna koma." Mwanzoni lilikuwa jina la kumsengenya. Baadaye hata mkuu wa shule alimwita hivyo kwenye vikao, na mwenyewe akaitika.

Kila Ijumaa walimu tuliandika azimio la kazi la wiki inayofuata na kulipeleka kwa mwalimu wa taaluma. Karatasi yenyewe ina safu zake: mada, malengo, vifaa, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi, tathmini. Nisiwe mnafiki, wengi wetu tulichukua ya mwaka uliopita tukabadili tarehe. Mwalimu Koma hakunakili. Aliandika upya, kwa kalamu ya wino, ulimi ukichungulia kidogo pembeni mwa mdomo. Safu ya mwalimu aliijaza mpaka ukingoni: kusoma, kueleza, kufafanua, kuigiza, kusahihisha. Safu ya mwanafunzi ilikuwa na maneno mawili tu, kusikiliza na kuandika. Hakuna aliyeona kasoro. Matokeo yalikuwa mazuri, wazazi waliridhika, na wanafunzi wa madarasa mengine walijibanza dirishani kumsikiliza.

Sauti ilianza kukwaruza baada ya likizo fupi. Alisingizia vumbi la chaki, kisha baridi, kisha feni ya ofisini. Akanywa maji ya moto na asali, akafunga mtandio shingoni. Nilimwambia aende hospitali, akasema ataenda wanafunzi wake wakimaliza sehemu ya pili ya tamthilia. Asubuhi moja nilikuwa naandika ubaoni, nikasikia upande wa pili anasoma maneno ya mama mmoja mkali, kisha pakawa kimya. Nilidhani ni koma. Kimya kikazidi. Nilipotoka kuchungulia nilimkuta amesimama palepale, mdomo wazi, mkono kooni, na hakuna kinachotoka. Wanafunzi walikuwa wanacheka. Walidhani bado anaigiza.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ndiye aliyeniletea habari, na futi kamba bado inaning'inia shingoni.

"Shemeji, wamemkuta na vinundu kwenye nyuzi za sauti," alisema. "Watavitoa. Operesheni yenyewe ndogo. Tatizo ni baada ya hapo. Daktari kasema mwezi na nusu asitoe hata neno."

"Hata kunong'ona?"

"Kunong'ona ndiyo mbaya kuliko kupiga kelele, eti. Na baada ya hapo haahidi sauti itarudi ilivyokuwa. Sasa wewe unamjua mke wangu. Yule huongea hata usingizini."

Operesheni ilifanyika salama. Kimya ndicho kilichowapa shida, na kilianzia nyumbani. Pale nyumbani aliishi pia mama wa fundi, bibi mwenye akili timamu lakini masikio yake yalikuwa yamechoka. Mwanawe alimpigia kelele sikioni kueleza habari za operesheni, naye akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Siku ya tatu alianza kufunga nguo zake kwenye sanduku.

"Narudi kwa binti yangu," alisema. "Mkwe wangu kaninunia. Ananipa chakula haniambii karibu, namsalimia ananitazama. Kama nimemkosea si aniambie?"

Mwalimu Koma alisikia yote hayo akiwa mlangoni na hakuweza kujitetea. Akaenda kumkumbatia mama mkwe wake, akamshika mkono, akauweka juu ya bandeji iliyokuwa bado shingoni. Bibi akapapasa, akaanza kutoa nguo sandukuni moja moja. Tangu siku hiyo wawili wale waliongea kwa mikono, na fundi alilalamika kwamba wanamsema mbele yake.

Daktari alikuwa amempa mapumziko mafupi, kisha akaruhusu kazi nyepesi isiyohitaji kuongea. Mwalimu wa taaluma alikuwa na jibu tayari: akae maktaba, apange vitabu, asahihishe madaftari, na darasa la mtihani apewe mwalimu wa muda. Mwalimu wa taaluma hakuwa mtu mbaya. Alifundisha jiografia, alipenda mambo yanyooke kama mistari ya ramani zake, na aliwahi kuaibishwa na mkaguzi kwa sababu ya maazimio ya walimu wavivu kama sisi. Tangu hapo hakuwa na simile na karatasi.

Mwalimu Koma alikataa maktaba. Alikuja ofisini, akaketi mezani pake kando yangu, akanisukumia kipande cha karatasi. Tangu tuanze kukaa pamoja aliniita jirani, na hata kwa maandishi hakuacha.

"Jirani, kidato cha nne wamebakiza nusu ya tamthilia. Siwaachi njiani. Nitafundisha."

"Kwa nini?" niliuliza, nikimaanisha kwa kutumia nini.

Akainua mabega.

Aliandika azimio la wiki hiyo akafuta, akaandika akafuta, mpaka karatasi ikatoboka akaomba nyingine. Lilipofika kwa mwalimu wa taaluma, likarudi mbio likiwa na mwenyewe nyuma yake.

"Mwalimu, safu ya kazi ya mwalimu haina kitu," alisema kwa upole. "Mada ipo, malengo yapo, kazi ya mwanafunzi imejaa mpaka nyuma ya karatasi. Wewe utafanya nini? Mkaguzi akija nimwambie nini?"

Mwalimu Koma akachukua kalamu, akaandika kwenye safu ile neno moja, akamrudishia. Alikuwa ameandika: Kunyamaza.

Mwalimu wa taaluma alinigeukia. "Ananitania?"

"Sidhani," nilisema.

Aliondoka nalo akiwa amelishika kwa ncha za vidole.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Mwalimu asiye na sauti, mbele ya vijana wa umri ule, ni sikukuu. Alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeitwa Redio, kijana asiyezimika, na huyo alisimama akatangaza kwamba leo ni kipindi cha mapumziko, tuombee afya ya mwalimu. Mwalimu Koma alimwacha amalize. Kisha akamwekea kitabu mikononi, akamwonyesha mstari kwa kidole, akaenda kuketi nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati la mwanafunzi. Redio akasoma. Alisoma kama anayesoma tangazo la mnada. Wengine wakapokezana, na hakukuwa na koma wala nukta, tamthilia nzima ikawa sentensi moja ndefu.

Nilikuwa nasikia yote kupitia ukuta. Kipindi kilipoisha aliingia ofisini, akaketi, akaandika: "Leo nimeuma ulimi mpaka umekufa ganzi." Mwisho wa wiki aliandika kwamba huenda mwalimu wa taaluma ana haki, na akawa anapanga penseli zake kwenye mkebe kama mtu anayehama.

Hakuhama. Jumatatu ilipofika alirudi na kadi kadhaa alizokata kutoka kwenye maboksi ya vitambaa vya mumewe, maandishi yake makubwa kwa wino mweusi. Moja ilisema: Soma tena. Nyingine: Nani hakubali? Nyingine: Onyesha mstari. Azimio la wiki hiyo liliwagawa wanafunzi makundi, kila kundi ukurasa wake. Hawakutakiwa kuueleza. Walitakiwa kukubaliana utasomwaje: nani apaze sauti, nani asite, wapi na kwa nini. Wenzao wangesikiliza vitabu vikiwa vimefungwa.

Niieleze tamthilia yenyewe kidogo, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Inahusu dada na kaka. Kaka ni mlinzi wa ghala, dada ni karani wa mahakama. Usiku mmoja ghala linaungua na mtu anafia ndani. Dada peke yake ndiye anayejua kwamba kaka yake hakuwepo kazini. Anaitwa kutoa ushahidi, anasema kweli, kaka anafungwa. Kwa miaka yote Mwalimu Koma alifundisha kwamba dada ni shujaa wa ukweli, aliyeweka haki mbele ya damu. Maelezo yake hayo yalirithishwa kidato hadi kidato, na wanafunzi waliyakariri neno kwa neno.

Siku ya kusoma ukurasa wa ushahidi, sehemu ya dada iliangukia kwa msichana mmoja aliyekaa dawati la mwisho, ambaye wenzake walimwita Polepole kwa sababu hata akiitwa jina huchukua muda kugeuka. Alisimama, akasoma maneno mawili ya kwanza, "kaka yangu", kwa Kiingereza bila shaka, akanyamaza. Akanyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana. Ndipo akaendelea na sentensi.

"Umesahau kusoma?" aliuliza Redio.

"Kuna koma pale," alisema Polepole. "Na mbele yake nyingine. Zote mbili hazina kazi, sentensi ingekwenda bila hizo. Mwandishi kaziweka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo anasita. Mtu anayesema kweli kwa moyo mweupe asite pale kwa nini? Mimi naona alikuwa anachagua."

"Anachagua nini sasa?"

"Kumfunga au kutomfunga. Ukurasa wa kwanza kabisa, kaka ndiye aliyemfukuza mchumba wa dada. Mmesahau?"

Hapo ndipo darasa lilipowaka moto. Niliacha kufundisha, maana wanafunzi wangu walikuwa wameshaelekeza masikio ukutani na hata mimi nilitaka kusikia. Kiingereza kilishatupwa nje ya dirisha. Walibishana kwa Kiswahili, cha nyumbani kabisa, kile anachotumia mtu kumwambia ndugu yake ukweli. Mmoja alisema dada ni mnafiki. Mwingine akasema hata kama alikuwa na kinyongo, bado alisema kweli, na kweli haiharibiki kwa sababu msemaji ana hasira. Mwingine akamuuliza kama angekuwa yeye angemfunga kaka yake mwenyewe aliyekaa naye dawati moja, na kaka mwenyewe alikuwepo hapo akisubiri jibu.

Baadaye Mwalimu Koma alinieleza kwa maandishi kilichompata wakati huo. Alikuwa amesimama kuwasahihisha. Maelezo yote yalimjia mdomoni yakiwa yamejipanga kama alivyoyazoea, akavuta pumzi, mkono ukaenda kifuani. Akakumbuka hana sauti. Kengele ikalia. Akaja ofisini, akaifungua tamthilia ukurasa wa kwanza, akaisoma moja kwa moja mpaka mwisho bila kugusa chai yake.

"Koma zipo," aliniandikia. "Miaka yote nilizipita nikisoma kwa madaha. Yule mtoto huenda yuko sawa. Au mimi. Sijui, jirani."

Nilimwuliza kama ameumia. Alifikiri, akaandika: "Kidogo. Lakini nimefurahi zaidi."

Azimio la wiki iliyofuata lilikuwa la aina ambayo sijawahi kuiona. Jumatatu wasome. Jumanne wabishane kwa lugha yoyote waliyozaliwa nayo. Jumatano wauandike ubishi ule kwa Kiingereza, na hapo ndipo jasho lingewatoka. Alhamisi kila mmoja atetee upande wa mpinzani wake, halafu mwisho wa wiki waandike insha. Mwalimu wa taaluma alilipokea bila kulisoma vizuri, kwa kuwa lilikuwa limejaa, na karatasi iliyojaa ilimtuliza.

Jumanne akapita karibu na dirisha.

Nilimsikia akiingia. Ubishi ukakatika kama umeme.

"Hiki ni kipindi gani?" aliuliza.

"Fasihi ya Kiingereza," walijibu kwa pamoja, kwa Kiswahili.

Saa hiyohiyo tuliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Nasema tuliitwa kwa sababu Mwalimu Koma alinishika mkono wa shati akanivuta. Alikuwa ameandika utetezi wake kurasa mbili, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa mdomo wake.

Mkuu wa shule alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa kemia zamani, mwenye tabia ya kusafisha miwani wakati anasikiliza. Mwalimu wa taaluma alieleza kwanza, na kwa kweli alieleza kwa haki. Mtihani utakuwa wa Kiingereza. Wazazi wakisikia watoto wanafundishwa Kiingereza kwa Kiswahili, na mwalimu mwenyewe kanyamaza nyuma ya darasa, shule itakuwa kichekesho. Anaomba darasa apewe mwalimu wa muda mpaka mwenzetu apone. Hana ubaya wowote na mtu.

Nikasimama nikaanza kusoma. Mwandiko wa Mwalimu Koma ni mzuri, lakini mimi si msomaji. Nilisoma sentensi ya kwanza na ya pili nikaziunganisha, mkuu akauliza nimesema nini. Nikarudia. Mwalimu Koma akanifinya ubavuni. Nilipomtazama alikuwa ananionyesha koma. Nikapumua hapo. Mkuu akaweka miwani machoni, na nadhani alikuwa anazuia kucheka.

Alichoandika ni kwamba wanafunzi hawa kwa Kiingereza wana maneno machache, kwa hiyo wakilazimishwa kufikiri kwa Kiingereza watafikiri machache. Anawaacha wafikiri kwanza kwa ukubwa wao wote, halafu wahangaike kutafuta maneno. Na kwamba kabla ya kuugua, insha zao zote zilikuwa insha yake yeye, imeandikwa upya kwa miandiko tofauti.

"Hilo la mwisho ni kweli?" mkuu alimuuliza mwalimu wa taaluma.

"Zilikuwa zinafanana, mkuu. Lakini zilikuwa zinapasi."

Mkuu akafikiri. "Alhamisi nitakuja kukaa darasani. Wewe mwalimu wa taaluma utakuja. Na wewe wa hesabu uje, tukihitaji kumuuliza kitu utujibie."

Alhamisi tuliketi watatu kando ya mlango. Wanafunzi walikuwa wamechomekea mashati, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mwalimu Koma akainua kadi, Nani hakubali? Kimya. Akaigeuza huku na huku kama feni. Kimya. Redio, ambaye siku zote watu humwombea anyamaze, alikuwa anatazama kucha zake. Mwalimu wa taaluma akaandika kitu kwenye karatasi yake, na nikaona shingo ya jirani yangu inaloa jasho. Hakuwa na la kufanya. Zamani angesoma ukurasa mmoja tu na darasa lingekuwa mkononi mwake. Sasa alisimama na kadi yake ya boksi, akingoja.

Nadhani mkuu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mimi ni mtu wa kemia," alisema, "lakini tamthilia hii niliisoma jana. Na nawaambia, hakuna mwanamke atakayemfunga ndugu yake kwa sababu ya mchumba. Hiyo mnaizusha."

Mwalimu Koma alimgeukia mkuu wa shule, na kabla hajajizuia, mkono ulishapanda na kadi: Onyesha mstari.

Mwalimu wa taaluma aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. Mkuu aliitazama kadi, akaitazama sura ya mwalimu wake, iliyokuwa imeiva kwa aibu, kisha akasema, "Nipeni kitabu."

Akafungua, akatafuta, akapita kurasa akarudi. Msichana wa dawati la mbele akamnong'oneza ukurasa. "Huu hapa," mkuu alisema mwishowe. "Dada anampelekea kaka blanketi gerezani. Mtu mwenye kinyongo hapeleki blanketi."

"Samahani, mkuu," alisema Redio, sasa amesahau woga. "Blanketi analipeleka baada ya hukumu. Kabla ya hukumu hakupeleka hata leso."

"Kwa hiyo unasema ni majuto."

"Mimi nilikuwa nasema hivyo juzi. Leo natakiwa kutetea upande wa Polepole, na Polepole atetee wa kwangu. Kwa hiyo leo nasema alikuwa na kinyongo tangu mwanzo."

"Na wewe Polepole?"

Polepole alichukua muda wake kusimama. Alisema kwa Kiingereza, kibovu mahali, lakini kilichokwenda kilikotaka, kwamba inawezekana mtu akasema kweli kwa sababu mbaya, na akajuta si kwa kusema bali kwa sababu yenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyewakumbuka wageni. Kengele ilipolia mkuu alikuwa bado anabishana na dawati la mbele.

Nje ya mlango mwalimu wa taaluma aliuliza swali moja tu. "Na mtihani, mkuu?"

"Mtihani wa majaribio utatujibu. Mwache aendelee."

Mtihani wa majaribio ulijibu kwa namna yake. Hawakupanda mawinguni. Kwenye sarufi walikosea kama walivyokosea siku zote, na Polepole alikuwa bado anaandika aya ya pili wakati karatasi zinakusanywa, akapata alama za katikati. Lakini msahihishaji, aliyetoka shule ya jirani, alilalamika kwamba safari hii kazi ilimchosha: kila insha ilikuwa na mawazo yake, ilibidi azisome zote. Mwalimu wa taaluma alituletea malalamiko hayo ofisini na kuyasoma kwa sauti. Wiki iliyofuata alitoa nakala za maazimio ya Mwalimu Koma akamgawia kila mmoja wetu. Mimi nilijaribu. Nilinyamaza nyuma ya darasa langu la hesabu, na wanafunzi wangu wakalala. Nikarudi kwenye kutisha.

Daktari alimruhusu aongee siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha, na neno lake la kwanza lilikuwa kumwambia mumewe aanue nguo. Sauti ilikuwa imerudi, lakini si ile. Ilikuwa nzito, ya chini, yenye mchanga ndani yake. Mama mkwe wake alikuwa jikoni, akageuka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Sasa nimekusikia," alisema bibi. "Zamani ulikuwa unalia kama ndege, sikuwa naambulia kitu."

Bibi alifurahi kweli, na fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Mwalimu Koma alicheka nao. Lakini shuleni nilisikia mengine. Alasiri moja, wanafunzi wakiwa wameshaondoka, alikuwa peke yake upande wa pili wa ukuta, anasoma. Alimjaribu mfalme, akampata nusu. Akamjaribu mtoto, sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale. Nikasikia kitabu kinafungwa. Aliingia ofisini akaketi.

"Ile imekwenda, jirani," alisema.

Nikamwambia imekwenda kweli, na kwamba wanafunzi wangu wataikosa. Nilimmiminia chai. Tulikunywa bila kuzungumza, na siku hiyo kimya hakikuwa cha daktari.

Kidato kile kimeshamaliza na kutawanyika. Redio anasomea ualimu, Mungu awasaidie wanafunzi wake, na Polepole sijui yuko wapi, ila Mwalimu Koma anajua. Mwaka huu amepewa kidato cha kwanza, watoto wasiomjua na sauti nyingine yoyote. Huwasomea kidogo, ukurasa mmoja wa kufungulia, kisha anakaa. Ijumaa iliyopita nilimkuta anaandika azimio lake nikamuuliza wiki ijayo watasoma sura ya ngapi.

"Bado sijajua," alisema. "Hadithi ina bibi mmoja mwizi, na nusu ya darasa wanampenda. Nataka nisikie kwanza kwa nini."